Mlango Uliofunguka Wenyewe

Kambini, 9 Februari

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Hakimu asiyedanganywa na shahidi wala asiyechoshwa na kesi. Shukrani zote ni Zake, na rehema zimfikie Mtume Wake na kila aliyeishika haki ilipomwia nzito.

Kwa mpwa wangu mpendwa, binti wa dada yangu. Amani iwe juu yako na juu ya mama yako, na juu ya chumba mlichopanga huko, ijapokuwa si chenu. Mimi ni mzima, namshukuru Mola, ila magoti yananikumbusha umri wangu kila ninapoinuka kutoka kwenye mkeka. Upepo wa wiki iliyopita uling'oa turubai la darasa langu, tukalifunga upya, na watoto wakapata siku ya kucheza wasiyoistahili. Kaburi la baba yako nimelipitia, majani nimeyaondoa. Barua hii itakufikia kwa mkono wa dereva wa lori la maji. Ile simu unayotaka kuniletea usiilete. Mtu humkata mwenziwe katikati ya dua, kisha akasema ni mtandao.

Baada ya salamu, niingie katika lililonifanya nishike kalamu. Rasimu ya mapatano mliyoniletea niliisoma nikadhani macho yamechoka. Nikafuta miwani, nikasoma tena. Imeandikwa hivi, na mwandiko ni wako, kwa kuwa ni mimi niliyekufundisha kuzungusha herufi: "Siku ya vurugu mlango wa mbele ulifunguka, watu wakaingia, na madhara yakatokea."

Ulifunguka.

Mwanangu, kitasa cha mlango ule alikitia Komeo kwa mikono yake. Mtaa mzima ulimwita jina hilo kwa sababu hapakuwa na fundi wa vitasa mwingine aliyeaminika kama yeye. Alijisifu mbele ya baba yako kwamba mwizi atazeeka nje ya mlango huo. Na kweli hakuingia mwizi, mpaka siku ile Komeo alipowatangulia wale watu wa vurugu, na waya wake wa kufungulia vitasa mkononi. Mama yako alimwona kwa dirisha la jikoni. Leo naambiwa mlango ulifunguka. Ulifunguka kama ua? Ulifunguka kama moyo wa mcha Mungu anaposikia neno la Mola wake? Basi mbao na chuma vimepata hiari, na fundi ndiye aliyeikosa.

Na hayo "madhara yakatokea" ndiyo baba yako. Fundi saa, mtu ambaye hakuwahi kumpandishia mteja sauti, alipigwa ndani ya chumba chake cha mbele, akabebwa hadi huku, akafa kabla hatujapata hata hema la pili. Mvua hutokea. Upele hutokea. Baba yako hakutokea.

Najua nyumba ni mirathi yangu na ya mama yako kutoka kwa baba yetu, na kwamba ofisi yenu ya maridhiano haiwezi kupiga muhuri bila kauli yangu. Kauli yangu ni hapana. Mwambie mama yako nimemsalimu sana.

Mjomba wako.


Mjini, 2 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima na darasa limesimama. Mimi sijambo. Kazi ya ukatibu wa baraza inaendelea, ofisi imenipa meza yenye miguu mitatu na tofali. Jirani yetu wa zamani, mshona viatu, amerudi mtaani peke yake, anakusalimu; ameweka kibanda mkabala na lilipokuwa duka lake. Mama yupo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Dereva alinikosa mara mbili, na mara ya tatu mimi ndiye niliyemkwepa, maana sikuwa na la kukujibu.

Mjomba, neno lile nililiandika mimi lakini si langu. Mwezeshaji aliyeletwa na ofisi ana kanuni zake. Watu wanamwita Bwana Duara, kwa kuwa kazi yake ya kwanza kila Alhamisi ni kupanga viti kwa duara katika ukumbi wa shule, na mtu akisogeza kiti anakirudisha. Kanuni ya kwanza ameibandika ukutani kwa karatasi ya manjano: "Tunatumia lugha isiyonyoosha kidole." Kwa hiyo hatuandiki fulani alifanya. Tunaandika ilitokea, ilivunjika, iliungua. Mshona viatu alisimama, akamwelekea Komeo, akasema, "Huyu alinifungulia duka wakalibeba." Bwana Duara akamwambia, "Mzee, tujaribu tena, kwa lugha ya amani." Mshona viatu akafikiri, akasema, "Haya. Duka langu lilibebeka." Watu wakacheka mpaka kikao kikaahirishwa, na Bwana Duara akaandika kwamba washiriki walionyesha furaha.

Komeo naye huja kila Alhamisi, shati limepigwa pasi. Anakaa, anasema, "Poleni sana kwa yaliyowapata," kisha anakunja mikono. Bwana Duara anampigia makofi. Bado anaishi nyumbani kwetu. Chumba cha mbele amekifanya karakana. Benchi lake la kuchongea funguo liko pale ilipokuwa meza ya saa ya baba. Nimepita mara moja tu. Vumbi la chuma limeingia hadi kwenye nyufa za sakafu.

Lakini mjomba, amekubali kuhama. Karatasi inasema hivyo: atatoka mwisho wa mwezi wa sita, na nyumba itarudi mikononi mwenu wawili. Kikao cha mwisho ni mwishoni mwa mwezi wa tano. Ofisi ikifunga, yaliyobaki yatakwenda mahakamani, na kesi za mtaa wa pili zilizokwenda huko hadi leo hazijaitwa hata majina. Neno moja, mjomba. Tulimeze neno moja, tuingie ndani.

Mpwa wako.


Kambini, 20 Machi

Kwa jina la Mola aliyemfundisha mwanadamu majina ya vitu vyote, ili asije akaviita kwa majina yasiyo yake.

Mpwa wangu, amani na rehema ziwe juu yako. Barua yako imefika ikiwa na alama ya chai ya dereva, lakini imesomeka. Huku maji yanaletwa siku moja na kukosekana siku mbili. Mtoto wa jirani yangu wa hema amehifadhi sura yake ya kumi na anatembea kama waziri. Mshona viatu mrudishie salamu, na umwambie "lilibebeka" limenifaa kuliko dawa ya kifua.

Umeandika, "Mama yupo." Hata kiti kipo. Sikuuliza kama yupo, nakuuliza hali yake, na dada yangu hajawahi kuacha kutia neno lake katika barua, hata alipokuwa na homa. Nieleze.

Sasa kuhusu huyo bwana wa viti. Nimeketi katika mabaraza ya suluhu tangu wewe hujazaliwa, na sijapata kuona suluhu ikianza kwa kumfunga mdomo aliyeumizwa. Hapa kambini tunalo baraza letu, na halina karatasi ya manjano. Mwezi huu walikuja wanawake wawili wamegombana kwa sababu ya dumu la maji. Mmoja akasema, "Dumu lilipotea." Nikamwuliza, "Lilipotea likielekea wapi?" Nikamwambia, "Mama, sisi hapa sote tumepotea, ndiyo maana tumo kambini, dumu lako halina haki ya kujiunga nasi." Akacheka, akasema, "Nililichukua, mtoto alikuwa na kiu." Akalirudisha likiwa limejaa. Mwenziwe akampa nusu ya maji. Jioni walikuwa wakisukana nywele. Hiyo ndiyo suluhu, na haikuhitaji makofi.

Wanachuoni wetu waliweka sharti za toba wazi kama mchana: mtu aache kosa, alijutie, aazimie kutolirudia, na haki ya mja irudi kwa mwenyewe. Hayo yote yana mtendaji. Hakuna mahali waliposema kosa lijiache lenyewe. Komeo anasema "poleni". Pole hupewa mgonjwa wa malaria, hupewa mtu aliyejikwaa njiani, hupewa aliyeunguza chapati. Pole ni ya mpita njia. Aliyewafungulia wauaji mlango wako hakupi pole, maana yeye si mpita njia, yeye ndiye njia.

Wewe unaniomba tulimeze neno moja. Mimi nimesoma sarufi kwa walimu waliotupiga kwa ajili ya irabu moja, nami nikawadharau kwa ukali wao. Leo nawaombea rehema. Katika neno "alifungua" yumo mtu. Katika "ulifunguka" hayumo. Tukilimeza, tumemmeza yeye, na baba yako atakuwa amepigwa na upepo.

Hapana.

Mjomba wako.


Mjini, 11 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Mvua zimeanza, paa la chumba chetu linavuja upande wa mlango, tumehamishia vitanda dirishani.

Umeuliza habari za mama, nami nilikatazwa kuzitaja. Sasa nazitaja kwa sababu nimechoka kukatazwa na wazee wawili kwa wakati mmoja. Chumba tulichopata kiko ghorofa ya tatu. Mama alipanda ngazi zile siku tuliyohamia, na tangu hapo ameshuka mara mbili, zote amebebwa kwa kiti. Magoti yamevimba. Anakaa dirishani kwa sababu kutoka pale inaonekana pembe ya bati la nyumba yetu, lile lenye kiraka. Asubuhi anaangalia kama moshi wa Komeo umetoka jikoni kwake. Ukitoka anasema, "Ameamka mfalme," kisha anakunywa chai.

Kuhusu salamu, hakusahau. Nilimwuliza, akanijibu, "Mwambie kaka yangu salamu zake ziko nyumbani, azifuate."

Mjomba, mimi nilikuwepo siku ile. Wewe ulikuwa safarini kwenye mazishi ya mwalimu wako, na hakuna anayekulaumu. Lakini mimi ndiye niliyekuwa chini ya kitanda nikisikia saa za baba zikivunjwa moja moja. Usinifundishe ni nani aliyefungua. Najua hata mlio wa ule waya. Nikiandika "ulifunguka" mkono wangu unajua unachofanya, na ninauambia uendelee, kwa ajili ya magoti ya mtu mmoja aliye hai.

Na niseme lingine, unisamehe utovu wa adabu. Hapo kambini watu wanainuka ukipita. Wanakuletea kesi, wanakubusu mkono, wanasubiri uvute pumzi ndipo nao wavute. Huku ukirudi utakuwa mzee mmoja mwenye chumba kilichojaa vumbi la chuma, na majirani nusu yao hawatakusalimu. Wakati mwingine najiuliza ni mlango upi hasa unaouzuia, wa kwetu au wako wa kutokea huko.

Kikao cha mwisho ni tarehe 26 ya mwezi ujao.

Mpwa wako.


Kambini, 6 Mei

Kwa jina la Mwenyezi Mungu.

Mpwa wangu, amani iwe juu yako na juu ya mama yako. Barua yako ilinifikia mapema. Jibu ndilo lililochelewa. Darasa linaendelea. Kaburi limesafishwa kabla ya mvua.

Sikujua habari ya ngazi.

Nitakuwa mfupi. Simtaki Komeo alipe saa za baba yako, kwa maana hana umri wa kutosha kuzilipa. Simtaki apige magoti. Magoti ya mtu kama huyo hayanunui kitu. Simtaki alie, kwani anaweza. Nataka neno moja kutoka kinywani mwake, mbele ya watu wa mtaa ambao alifungua milango yao: nilifungua. Sitaki "ilifunguliwa" nayo, maana huyo Bwana Duara wenu akishindwa na moja atakuja na ya pili, na hiyo ni hila ya mtu aliyejificha nyuma ya pazia akaacha viatu nje.

Akilisema, kauli ya mama yako ndiyo kauli yangu, na saini yake ni saini yangu, katika nyumba, katika masharti, katika kila kitu. Nimelithibitisha hilo mbele ya wazee wawili wa hapa na majina yao yako nyuma ya karatasi hii. Asipolisema, aendelee kukaa katika chumba alichowafungulia wauaji, achonge funguo zake humo, na kila mteja anayeingia aone ni fundi wa namna gani. Mimi nitamdharau nikiwa mbali, na kwa kazi hiyo sihitaji ofisi.

Mwambie dada yangu nimemsikia.

Mjomba wako.


Mjini, 29 Mei

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, tena shikamoo. Naandika haraka kabla dereva hajaondoka, na nakuomba uketi.

Barua yako nilimsomea mama. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Ameandika kila kitu?" Nikasema, "Kila kitu." Akasema, "Basi mpigie huyo Bwana wa Viti, mwambie mimi ngazi siwezi na ukumbi wa shule siujui. Kikao kifanyike mlangoni kwangu." Bwana Duara alifurahi mno, akasema huko ndiko jamii kuumiliki mchakato. Mama akaniuliza maana yake. Nikamwambia sijui. Akasema, "Hata yeye."

Alishushwa kwa kiti na wabeba mizigo wawili. Viti vikapangwa kwa duara barabarani, mbele ya nyumba. Mtaa ulijaa. Mshona viatu alikuja na kigoda chake mwenyewe, akakataa kukaa kwenye duara, akasema duara linampa kizunguzungu. Komeo alitoka ndani na shati lake la pasi. Moshi wa jikoni ulionekana. Alikuwa ameteleka maharage.

Bwana Duara akafungua kikao kwa kututaka tuvute pumzi pamoja. Kisha Komeo akasema lile lile, "Poleni sana kwa yaliyowapata. Siku ile ilikuwa siku mbaya, milango ilifunguka, kila mtu alipoteza." Makofi mawili, ya Bwana Duara.

Mama akasema, "Ahsante, baba. Ufunguo wa mlango huu unao?"

"Ninao, mama."

"Hebu nipe niushike. Miaka sijaushika."

Komeo akampa, tena kwa mikono miwili. Mama akaomba asogezwe hadi mlangoni. Akauvuta mlango, akaufunga, akageuza ufunguo mara mbili, akautia kifuani ndani ya nguo. Akageuka akatutazama.

"Haya," akasema. "Tusubiri."

Bwana Duara akauliza, "Tunasubiri nini, mama?"

"Ufunguke. Fundi ameeleza kwamba ulifunguka. Mlango ni ule ule, kitasa ni kile kile, fundi ni yeye yeye. Ulioweza siku ile utaweza leo. Mimi sina haraka."

Mjomba, hakuna aliyecheka mwanzoni. Bwana Duara akaanza habari ya karatasi ya manjano. Mama akamwambia, "Mwanangu, sijamnyooshea mtu kidole. Mikono yangu hii hapa, imekunjwa." Akatulia, macho mlangoni kama mtu anayesubiri wageni. Nasi tukasubiri. Jua likapanda. Mshona viatu akatoa kiatu akaanza kukishona. Mama mmoja akasema, "Labda mlango una aibu ya watu, tugeuke kidogo." Mwingine akasema, "Siku ile hatukuwepo tukiutazama, ndiyo maana." Hapo ndipo vicheko vilipoanza, na havikuwa vicheko vya furaha. Komeo alitazama chini. Kila aliyekuwepo aliona shada la nyaya linaloning'inia kiunoni mwake.

Kisha ikaja harufu.

Mtu akasema, "Fundi, maharage yako yanaungua."

Mama akasema bila kugeuka, "Yaacheni. Hakuna anayeyaunguza. Yanaungua tu."

Moshi ukaanza kutoka chini ya mlango. Komeo akainuka. "Mama, nipe ufunguo. Moto."

"Ufunguo wa nini, na mlango unajua kazi yake?"

"Mama, nyumba itaungua. Ni nyumba yenu."

"Yetu?" Mama akasema. "Leo ndiyo umeijua."

Mjomba, nilitaka kupiga kelele. Niliona bati letu na moshi, nikakumbuka siku ile. Lakini mama hakutikisika. Komeo akashika nyaya kiunoni, akapiga hatua kuelekea mlangoni, akasimama, maana mtaa wote ulikuwa ukimtazama mkono. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, niruhusu nifungue."

"Kama siku ile?"

Akatazama nyaya alizoshika.

"Nimekuuliza, baba. Kama siku ile?"

"Ndiyo," akasema. "Kama nilivyofungua siku ile."

"Sema kwa wenzio walio nyuma, hawakusikia."

Akageuka. Uso ulikuwa umemlowa, sijui ni jasho. Akasema, "Nilifungua mimi. Huu na duka la mshona viatu na ya safu ile yote mpaka kona. Walisema wataanza na wangu nisipofungua, nikafungua. Nilijua nani yuko ndani."

Mama akasema, "Fungua."

Akachomeka waya. Hata Bismillahi usingeimaliza, mlango ulikuwa wazi. Hilo ndilo lililowanyamazisha watu kuliko maneno yake, jinsi ilivyokuwa kazi ndogo. Aliingia akatoka na sufuria jeusi, akasimama nalo barabarani, hana pa kuliweka.

Mshona viatu akaweka kiatu chini. "Na mlango wangu?" Mwingine akasema, "Na wa mama yangu?" Mama ndiye aliyetoa masharti, kwa kauli yako na yake. Komeo atoke ndani ya wiki moja, asisubiri mwezi wa sita. Kabla hajatengenezea mteja kitasa kingine chochote, atie kitasa kipya kwa kazi yake, bila ujira, katika kila mlango aliofungua, nyumba kwa nyumba, na mwenye nyumba asimame pale atazame, na funguo zote apewe mwenye nyumba. Akubali milango ihesabiwe mbele ya watu kila anapomaliza safu. Komeo akasema, "Nimekubali." Mama akamwambia, "Sijakusamehe. Sikuja kwa ajili hiyo. Nimekuja kukaa kwangu."

Bwana Duara aliniinamia akaninong'oneza, "Katibu, andika: kitasa kilifunguliwa." Nikaandika, "Komeo alisema: Nilifungua mimi." Akasema hilo linanyoosha kidole. Nikamwambia ndiyo. Muhuri umepigwa, alikuwa na haraka ya gari lake.

Komeo alihama jana asubuhi, na mama amelala chumba cha nyuma tangu hapo. Magoti bado, lakini hakuna ngazi. Anakusalimu. Amesema niandike hivyo hivyo bila kuongeza: anakusalimu.

Mpwa wako.


Kambini, 12 Juni

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwenye kutoa neno la kweli katika kinywa kisichostahili kulibeba.

Mpwa wangu, amani, rehema na baraka ziwe juu yako na juu ya dada yangu, katika nyumba ya baba yetu. Barua yako niliisoma mara nne, na ya tano niliwasomea wazee wa baraza, nao wakaomba sehemu ya maharage irudiwe. Nimerudia.

Mimi nilikaa huku miezi nikipigana naye kwa sarufi, na dada yangu, ambaye alitoroka darasa langu siku ya irabu, amemaliza kazi akiwa amekaa kitini. Mfikishie hilo, lakini usimfikishie mara mbili, atalitumia.

Ofisi yenu imekwenda na viti vyake, na nina hakika mahali fulani imeandikwa kwamba maridhiano yalitokea. Waache. Kuhusu Komeo, usinitake nimwone mwema. Mtu aliyesema kweli kwa kuokoa sufuria amesema kweli, nami naipokea, lakini siibusu. Na hiyo ya kwamba walitishia kuanza na mlango wake naisadiki. Hofu nimeielewa, bali miaka ya shati la pasi na "poleni" sijaielewa, kwa maana hapo hakuna aliyemshikia rungu. Kumdharau mtu mwongo ilikuwa kazi nyepesi, niliifanya hata nikiwa usingizini. Kumdharau aliyekiri ni kazi nzito zaidi. Bado naifanya, lakini sasa inanichosha, na naona itanichosha zaidi kadiri atakavyozidi kutia vitasa. Hilo ni baina yangu na Mola wangu.

Mlango wetu uwe wa mwisho. Aanze na wa mshona viatu, kisha wajane wa safu ya nyuma. Sakafu ya chumba cha mbele ioshwe kwa maji mengi mpaka vumbi la chuma litoke nyufani, kwa kuwa nitasomesha humo.

Darasa la hapa nimemkabidhi yule mwalimu kijana. Ana sauti nzuri na anasoma harakaharaka, watoto watampenda. Uenyekiti wa baraza wameuchukua wenzangu. Walitaka kunifanyia hotuba, nikawakataza. Kaburi la baba yako nimewaachia majirani wa hema, wameapa kulitazama, na sehemu hii ndiyo iliyonichelewesha kuandika. Dereva wa lori la maji amesema Alhamisi kuna nafasi mbele, pembeni yake, iwapo sitamsahihisha anapoimba. Nimeahidi.

Nikifika, nikamkuta Komeo amepiga goti mbele ya mlango wa mtu, na akanipa salamu, nitamwitikia kwa ukamilifu wake, herufi kwa herufi, kwa kuwa kuitikia salamu ni deni langu kwa Mungu na si kwake. Asilichukulie kuwa ni zaidi ya hapo. Nami nitajilazimisha nisilipunguze.

Mola aiweke nuru katika nyumba hiyo, awaponye magoti wazee wake, ampe binti yake mume mwenye sikio, amrehemu fundi saa na amkunjulie kaburi lake litakalobaki mbali nasi, na akuhifadhi wewe usomaye haya, na kila anayelala chini ya paa lako, na ulimi wako usichoke kuwataja watu kwa matendo yao. Amina.

Mjomba wako.